Skrini Iliyozimika Mchana: Uchambuzi wa Kisa cha Viwango vya Joto katika Ndege Ndogo

Ndege inayohusika ni ya panga boi, yenye injini moja, inayobeba abiria kati ya Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Zanzibar na Mafia, na mara mojamoja hufika Arusha. Huegeshwa upande wa Jengo la Kwanza la abiria, ambako hukaa juani kati ya safari moja na nyingine. Kabla ya kisa hiki, mwenye ndege alikuwa ameondoa baadhi ya ala za zamani za mishale na kuweka skrini mbili za kisasa, moja mbele ya kila rubani, zinazoonyesha mwelekeo, mwinuko, kasi na ramani. Kazi ya kuzifunga ilifanywa na karakana iliyoidhinishwa, na hati zake zilikuwa kamili.

Malalamiko yalianza mwezi Januari, kaskazi ikivuma na jua likiwa kali. Marubani waliandika kwenye daftari la ndege, kwa maneno yanayofanana, kwamba skrini ya kulia hupungua mwanga, kisha huwa nyeusi, na baada ya muda hurudi yenyewe. Asubuhi haikuwa na tatizo lolote. Skrini ilifunguliwa ikapelekwa kwenye karakana ya vifaa, ikarudi na karatasi iliyosema kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Ikafungwa tena, tatizo likajirudia, ikapelekwa mara ya pili, na jibu likawa lilelile. Kufikia hapo, baadhi ya watu walianza kuamini kwamba marubani wanatia chumvi, jambo ambalo halikuwa la haki hata kidogo kwa watu wanaovuka bahari na abiria huku ala zikizimika mbele yao.

Kilichochelewesha uchunguzi ni hoja moja iliyoonekana kuwa na nguvu. Kitabu cha kifaa kilisema kwamba skrini hiyo imethibitishwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 55 za Selsiasi. Joto la Dar es Salaam katika miezi hiyo hufika nyuzi 32 au 33 mchana. Kwa hesabu hiyo, kifaa kina nafasi ya zaidi ya nyuzi 20 kabla ya kufikia kikomo chake, na hivyo joto haliwezi kuwa sababu. Hoja hiyo ilirudiwa katika vikao vya mafundi, ikaandikwa hata kwenye barua kwa mwenye ndege. Kila tarakimu iliyomo ni sahihi, lakini tarakimu hizo mbili hazipimi kitu kimoja, na hapo ndipo kisa kizima kiliposimama.

Nyuzi 33 zinazotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ni joto la hewa iliyo kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha upepo, kilichowekwa zaidi kidogo ya mita moja juu ya ardhi. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu kipimo cha hali ya hewa hakitakiwi kuathiriwa na miale ya jua wala na sakafu iliyo jirani. Chumba cha rubani ni kinyume chake kwa kila sifa. Kina vioo pande zote, milango imefungwa, dari ni ya bati, na juu ya paneli ya ala kuna kifuniko cheusi kilichowekwa makusudi ili mwanga usimulike machoni mwa rubani. Jua la mchana likiwa wazi huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na Dar es Salaam, ikiwa karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, hupitiwa na jua la utosini siku za mwanzo wa Machi na tena katika Oktoba. Yeyote aliyeliacha gari lake Kariakoo saa saba mchana na kulirudia saa tisa anajua ngozi ya kiganja husema nini akigusa usukani. Chini ya kifuniko hicho cheusi ndipo skrini inapokaa, ikiwa imebanwa kati ya redio na nyaya, na yenyewe pia huzalisha joto kila inapowashwa.

Kiwango cha nyuzi 55 ni joto la hewa inayokizunguka kifaa pale kilipofungwa. Hakihusu hewa ya nje ya ndege, wala joto la sehemu wanakokaa abiria, wala kile ambacho rubani anasoma kwenye kipimajoto cha dirishani.

Kabla ya kupima chochote, daftari la ndege lilisomwa upya, safari kwa safari, na hapo jambo la pili likajitokeza. Skrini ilizimika katika safari za Zanzibar na Mafia, lakini haikuwahi kuzimika katika safari ya Arusha ikishafika juu, hata pale ndege ilipoondoka Dar es Salaam mchana uleule. Safari ya Zanzibar ni ya takriban dakika 20 na huruka chini. Safari ya Arusha ni ndefu na huruka juu zaidi, na hewa hupoa kwa karibu nyuzi 2 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kiasi kwamba kwenye futi 9,000 hewa ya nje huwa imeshuka kwa nyuzi 18 hivi. Kama kasoro ingekuwa waya uliolegea au kiunganishi kibovu, mtikisiko wa injini ungeiamsha kila mahali. Kasoro iliyofuata saa za siku, msimu na mwinuko ilikuwa inafuata joto, na daftari lilikuwa limelisema hilo kwa wiki kadhaa bila mtu kulisikiliza.

Hapo tulifungua ukurasa ambao mafundi wengi huupita, nao ni fomu ya sifa za mazingira iliyo mwishoni mwa kitabu cha kufungia kifaa. Vifaa vya ndege vya aina hii hupimwa kwa kufuata waraka wa DO-160 unaotolewa na RTCA, shirika la viwango vya vifaa vya ndege la Marekani, ambao toleo lake la kwanza ni la mwaka 1975 na toleo G ni la Desemba 2010. Ulaya waraka huohuo hutolewa na shirika la EUROCAE kwa jina la ED-14. Kila jaribio lina sura yake: joto na mwinuko, mabadiliko ya ghafla ya joto, unyevu, mtikisiko, maji, radi na mengine. Mtengenezaji hajibu kwa maelezo marefu. Hujaza herufi na namba kwa kila sura, na msomaji anapaswa kwenda kwenye waraka kuona kila herufi inadai nini.

Kwa upande wa joto, skrini yetu iliandikwa A1. Kundi hilo linabeba vikomo kadhaa kwa mpigo, na kila kimoja kina hali yake na muda wake. Cha kwanza ni nyuzi 85, ambacho kifaa hukivumilia kikiwa kimezimwa, na jaribio lake hudumu saa 3 au zaidi; ndicho kinachowakilisha ndege iliyofungwa milango juani. Cha pili ni nyuzi 70, ambapo kifaa huwashwa na kutakiwa kufanya kazi kwa dakika 30. Cha tatu ni nyuzi 55, ambapo kifaa hufanya kazi kwa saa 2 au zaidi baada ya joto lake kutulia. Kwa upande wa baridi kikomo cha kufanya kazi ni nyuzi 15 chini ya sifuri, ambacho kwa pwani yetu hakina umuhimu mkubwa.

Vikomo hivyo vitatu vya juu vinapaswa kusomwa kama hadithi moja yenye mtiririko. Ndege imeshinda juani, kifaa kimechemka kikiwa kimezimwa. Rubani anawasha, na kwa muda mfupi kifaa kinafanya kazi katika hewa yenye joto kuliko kawaida yake. Kisha feni inapuliza, milango ya hewa inafunguliwa, ndege inapaa, na joto linashuka hadi chini ya 55 ambapo kifaa kinaweza kuendelea bila ukomo wa dakika. Zile dakika 30 za nyuzi 70 ni mkopo wa kuanzia kazi, na mtengenezaji ameutoa akitarajia kwamba ubaridishaji upo na utaurejesha mkopo huo haraka. Fundi anayesoma nyuzi 70 na kusahau dakika 30 amesoma nusu ya sentensi, na hatari yake ni kubwa kuliko ya asiyesoma kabisa, kwa kuwa ana namba ya kujitetea nayo.

Sifa hii ya namba kuambatana na muda ipo pia katika vifaa vingine vya ndege. Vitu vinavyokaa karibu na injini hupimwa kwa mwali wa moto wa takriban nyuzi 1,093, yaani Farenhaiti 2,000. Kinachostahimili kwa dakika 5 huwekwa daraja moja, na kinachostahimili kwa dakika 15 huwekwa daraja la juu yake. Joto ni lilelile. Tofauti yote iko kwenye saa.

Katika fomu ya skrini kulikuwa na herufi moja zaidi iliyotushtua. Sura ya joto ina jaribio la kupotea kwa ubaridishaji ndege ikiwa angani: kifaa kinachohitaji kupulizwa hewa huachwa bila hewa hiyo, na kundi lake hutegemea muda kilioweza kuendelea, kwa mfano herufi V kwa dakika 30 na herufi W kwa dakika 90. Skrini yetu iliandikwa X. Herufi hiyo, popote inapokuwa kwenye fomu, maana yake ni kwamba jaribio halikufanywa. Kitabu hichohicho, kurasa nyingi nyuma, kilimtaka mfungaji aunganishe mpira wa hewa kutoka kwenye feni hadi mgongoni mwa skrini. Ukiweka kurasa hizo mbili pamoja, maana yake ni nzito: kiwango cha nyuzi 55 ni cha kifaa kinachopulizwa, na hewa ikikatika hakuna anayeahidi chochote.

Upimaji wenyewe ulikuwa rahisi. Tulitumia vibandiko vya kupimia joto, vile vyenye vidirisha vidogo vyeupe vinavyogeuka vyeusi joto likifika kiwango kilichoandikwa na visivyorudi tena kuwa vyeupe. Vyetu vilikuwa na madirisha ya 49, 54, 60, 66 na 71. Kimoja kilibandikwa kwenye ganda la skrini, na kingine kilibandikwa kwenye kipande cha kadi kilichoning'inizwa hewani, sentimita chache kutoka kwenye tundu la kuingizia hewa, kwa sababu kibandiko kilichoshika chuma hupima chuma, nasi tulitaka joto la hewa. Ndege iliachwa juani tangu asubuhi, milango imefungwa, umeme umezimwa. Saa nane mchana kibandiko cha hewani kilikuwa cheusi hadi 54, na dirisha la 60 lilikuwa bado jeupe. Kwa kifaa kilichozimwa hilo si tatizo, kwani kikomo chake ni 85. Tukaunganisha umeme wa nje na kuwasha kila kitu kama rubani anavyofanya. Dirisha la 60 likageuka, na baadaye la 66. Skrini ikaanza kupungua mwanga kama marubani walivyoandika, neno kwa neno, kisha ikawa nyeusi. Kapteni aliyekuwa amesimama mlangoni alisema tu, "Fundi, sasa umeiona mwenyewe."

Joto lililopaswa kushuka baada ya kuwasha lilikuwa limepanda. Hivyo tukatafuta hewa ilikokwenda. Feni ilikuwa inazunguka, na sauti yake ilisikika, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyeishuku. Mpira wa kushoto ulikuwa mahali pake. Mpira wa kulia ulikuwa umechomoka kwenye mdomo wa feni na ulikuwa ukilala juu ya fungu la nyaya, ukipulizwa na nguvu iliyobaki ya hewa iliyotawanyika nyuma ya paneli. Kando yake ilikuwapo kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, bado imefungwa duara kamili, haijakatika.

Kamba hiyo inastahili maelezo, kwa sababu mtu angeweza kuitetea kwa kiwango cha joto na akashinda hoja. Nailoni ya kawaida ya kamba hizi huruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 85, na nyuma ya paneli hakujafika huko. Haikuyeyuka wala haikupasuka. Lakini kiwango hicho hakizungumzii kitu kilichovutwa kwa nguvu ileile miezi na miezi. Nailoni iliyo chini ya mvutano hunyooka polepole, hunyooka haraka zaidi joto linapopanda, na hulainika inapofyonza unyevu, na mji wetu una vyote viwili kwa wingi. Duara lililokuwa limebana mpira wakati wa kufungwa lilikuwa limepanuka kidogo, na mtikisiko wa injini ukamalizia kazi. Mahali hapo palitakiwa bana ya chuma yenye skrubu, na mchoro wa ufungaji ulionyesha bana hiyo waziwazi.

Tukirudi kwenye karakana iliyosema hakuna kasoro, karatasi yake haikuwa ya uongo. Meza ya upimaji iko kwenye chumba chenye kiyoyozi, skrini imewekwa wazi na hewa inapita pande zote. Katika mazingira hayo kifaa hiki hakikuwa na sababu ya kuzimika. Malalamiko yaliyoandikwa kwenye lebo ya kurudishia kifaa yalisema "skrini huzima", bila saa, bila joto, bila muda tangu kuwashwa, na fundi wa meza alipima alichoulizwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo wiki nyingi zilipotea, na zingeokolewa na sentensi moja zaidi kwenye lebo.

Paneli ikiwa wazi tuliona jambo jingine ambalo halikuwa chanzo cha skrini kuzimika, lakini lilituhangaisha zaidi. Mtu alikuwa ameongeza soketi ya kuchajia simu na tableti za marubani, na waya wake ulikuwa wa magari. Ganda lake halikuwa na maandishi yoyote. Waya wa ndege huwa na namba zilizochapwa kila baada ya umbali mfupi, na namba hizo humrudisha fundi kwenye kiwango cha joto kinachotegemea mambo mawili kwa pamoja: ganda lenyewe, na kile kilichopakwa kwenye shaba. Shaba iliyopakwa bati huishia nyuzi 150, iliyopakwa fedha nyuzi 200, iliyopakwa nikeli nyuzi 260, na ganda likiwa dhaifu kuliko shaba yake, ganda ndilo linaloamua. Waya wa zamani wa ndege wenye ganda la plastiki ya PVC ulikuwa wa nyuzi 105. Waya wa magari wa bei nafuu huweza kuwa wa 80 tu.

Na hapa tena namba huhitaji kuulizwa inapima nini. Kiwango cha waya ni joto la juu kabisa ambalo shaba iliyo ndani yake inaruhusiwa kufikia, yaani joto la mahali pamoja na joto ambalo umeme wenyewe unaongeza unapopita. Hewa ya nyuma ya paneli ilifika 66. Kama waya ule ni wa 80, zinabaki nyuzi 14 kwa ajili ya kazi yote ya kuchaji tableti mbili, waya ukiwa umefungwa katikati ya fungu ambalo haliwezi kutoa joto kwa urahisi. Ndiyo maana miongozo ya ufungaji hupunguza mkondo unaoruhusiwa nyaya zinapofungwa pamoja, na huupunguza tena kwa ndege zinazoruka juu ambako hewa nyepesi hupoza kidogo. Kwa kuwa PVC ikiungua hutoa moshi wenye tindikali ndani ya chumba ambacho rubani hawezi kukikimbia, sikuona sababu ya kuuacha waya ule ndege ikiwa na abiria, hata kwa safari moja. Uliondolewa pamoja na soketi yake. Marekebisho ya namna hiyo hutakiwa kuidhinishwa na kuandikwa kwa kufuata kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hapakuwa na maandishi yake popote katika kumbukumbu za ndege.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua muda. Mpira ulirudishwa, bana za chuma zikafungwa pande zote mbili za feni, na kesho yake jaribio la juani likarudiwa kwa vibandiko vipya, tukihakikisha kwamba hakuna kitu kingine kilichobadilishwa. Kabla ya kuwasha, hewa ilifika 54 kama siku iliyotangulia. Baada ya kuwasha, dirisha la 60 halikugeuka, na skrini haikupungua mwanga. Pamoja na hayo marubani waliombwa kuweka vizuizi vya jua kwenye vioo wakati wa maegesho na kuacha milango wazi kwa dakika chache kabla ya kuwasha skrini, kwa sababu feni hupuliza hewa ya chumbani, na hewa ya chumbani ikiwa ya moto feni itapuliza moto.

Lilibaki swali la skrini yenyewe. Mwenye ndege, kwa haki kabisa, alitaka kujua kama kifaa kilichofanya kazi nje ya kikomo chake kwa msimu mzima bado kinaaminika, kwa kuwa sasa kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Vipo vipuri ndani ya vifaa vya namna hii, hasa kapasita zenye kimiminika, ambavyo maisha yake hupungua takriban kwa nusu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10. Madhara hayo hayaonekani kifaa kikipoa. Kwa hiyo skrini ilirudishwa karakana mara ya tatu, safari hii ikiwa na barua iliyoeleza joto lililopimwa, muda tangu kuwashwa, na ombi kwamba ipimwe ndani ya kabati la joto, kwa nyuzi 55, kwa saa 2, ikipulizwa hewa kama kitabu kinavyotaka. Ilipungua mwanga kabla ya saa ya pili kwisha. Bodi yake ya umeme ikabadilishwa, jaribio likarudiwa, ikapita.

Kampuni hiyo ina ndege ya pili iliyofungwa skrini za aina hiyohiyo na karakana ileile, ambayo haikuwa na lalamiko lolote. Paneli yake ilifunguliwa wiki hiyohiyo. Mipira yote miwili ilikuwa mahali pake, ikishikiliwa na kamba za plastiki, na ile ya kulia ilikuwa imelegea kiasi cha kuzunguka kwa kusukumwa na kidole kimoja.